Resi Tatu

Injini haikuzima. Nalisema hilo mwanzoni kwa sababu watu wa Kahama wakisimulia habari za shimo lile la dhahabu husema "pampu ilizima", na kila nikiwasikia damu hunichemka. Injini ile niliijenga upya kwa mikono yangu, na hadi leo ninapoandika inavuta maji kwenye shimo la mtu mwingine. Natamani ingekuwa imezima. Ningekuwa na kosa la kawaida la fundi, boliti iliyolegea au gasketi iliyokaa upande, na ningelibeba kama mafundi wenzangu wanavyobeba ya kwao. Langu si la boliti. Mume wa mdogo wangu alikufa mle, na alikufa kwa sababu ya maneno niliyoyasema.

Karakana yangu iko Nyahanga: bati chache juu, benchi moja, na udongo uliolowa oili kiasi kwamba hata majani yamekata tamaa ya kuota. Kazi yangu ni injini ndogo za dizeli, za kusaga, za kukoboa, za kuvuta maji. Nina jina la ufundi na nina jina la ukali, na sijawahi kulikana lolote kati ya hayo mawili. Mtu akiniletea injini aliyoiendesha bila oili, namwambia mbele ya wateja wengine kwamba bora angechinja ng'ombe, angalau angekula nyama. Watu hucheka, yeye hununa, halafu hurudi tena. Nilikuwa najivunia hilo.

Injini hii ililetwa na huyo shemeji yangu. Alikuwa mchimbaji kwenye duara moja njia ya kwenda Bulyanhulu. Duara ndilo jina letu la shimo la dhahabu linaloshuka wima. Mwenye duara alikuwa ameinunua injini kuukuu kwa wachimba almasi wa Maganzo, akauziwa kwa maneno matamu, na ilipofika kwangu juu ya guta ilikuwa imenoki, pistoni imeng'ang'ania ndani ya silinda kama kupe. Shemeji alikaa juu ya tairi bovu akanitazama nikiifungua. Alikuwa mtu wa maneno machache na kicheko kirefu, na kwa kuwa ni mashemeji, utani ulikuwa halali yetu.

"Shemeji, mmeniletea maiti," nikamwambia.

"Ifufue hivyo hivyo, shemeji. Maji yanatufukuza kule chini. Mvua hizi zikiendelea, tutaanza kufuga samaki."

Nilibadilisha laina, pistoni, ringi na beringi zote. Krenki niliipeleka kuchongwa. Nilisafisha kila tundu la oili kwa waya na dizeli mpaka vidole vikachubuka. Siku ya tano niliizungusha kwa mkono, ikakohoa mara mbili, ikawaka. Shemeji alipiga makofi kama mtoto.

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Wanadhani injini ikishawaka kazi imekwisha. Injini iliyojengwa upya bado haijawa nzima. Ringi mpya na ukuta mpya wa silinda havijafahamiana. Ukiibebesha mzigo wote siku ya kwanza, inajikwaruza. Ukiiogopa na kuiacha iungurume polepole kutwa nzima, ukuta wa silinda unateleza kama kioo, ringi hazishiki tena, na itakula oili maisha yake yote. Inataka kupandishwa na kushushwa. Unaipa nusu ya mzigo, unatia resi, unaishusha, unaipandisha tena. Baada ya saa moja unaizima ipoe, unakaza boliti za silinda hedi, unaiwasha upya. Inakwenda hivyo saa kumi au kumi na mbili, kisha oili yote inamwagwa, hata kama bado inaonekana nzuri. Sisi mafundi tunaita kulea.

Kwa kawaida nailea injini palepale karakanani, na pipa la maji pembeni, siku mbili, mwenye injini akinuna. Safari hii shemeji alinisihi. Maji yalikuwa yamefika magotini, kazi imesimama, na kila siku wakiyachota kwa ndoo yanarudi. Akasema nije niilee kulekule kwenye duara, nusu ya nguvu yake itawatosha. Nilikubali. Nilikuwa pia nataka wanione nikifanya kazi. Sitajifanya kwamba hilo halikuwemo.

Duara lao lilianzia kwenye sakafu ya shimo kubwa la wazi lililochimbwa zamani. Lilishuka kama mita sita, wachimbaji wakikanyaga miti iliyopigiliwa ukutani, halafu likakata kona na kufuata mwamba wa dhahabu kwenda upande, hatua kama ishirini na tano. Pampu ya juu hainyonyi maji ya kina kirefu kuliko hapo, ndiyo maana injini iliwekwa mdomoni pa duara, mahali pa wazi, ekzosi yake imeelekezwa mbali.

Sasa kuna jambo ambalo sikulitilia uzito. Mtu akishapita ile kona, sauti ya binadamu haimfikii. Unaweza kupiga kelele mpaka koo likauke. Sauti ya injini inamfikia, inapita kwenye mwamba na kwenye mpira wa kuvutia maji, na wao husema wanaihisi hadi kwenye meno. Kwa hiyo wachimbaji wa pale waliishi kwa kuisikiliza. Ikiunguruma sawasawa, piga kazi. Ikizima, panda. Na mwendesha pampu akitia resi tatu mfululizo, akipandisha na kushusha, unaacha nyundo na moko, ile patasi ya kupasulia mwamba, hapohapo, huulizi, unapanda. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo mahali popote. Mtu mpya alifundishwa hilo kabla hajaonyeshwa pa kuweka nguo zake.

Asubuhi ya kwanza tulikuwa watano. Shemeji na mwenzake ndio waliokuwa wakishuka kupasua mwamba. Juu walikuwa mtu wa winchi, anayevuta mawe kwa kamba, na mwendesha pampu, mzee mmoja mpole mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Na mimi. Niliwasimamisha kama mwalimu mbele ya darasa.

"Sikilizeni," nikasema. "Leo na kesho injini hii inalelewa. Mtaisikia inapanda, mtaisikia inashuka. Kila baada ya saa moja nitaizima ipumue. Msiitie maanani. Ninyi fanyeni kazi zenu."

Wale wawili wakatazamana. Yule mzee akavua kofia yake.

"Fundi, samahani. Sasa wakitakiwa kutoka, nitawaitaje?"

"Utamtuma mtu ashuke akawaite."

"Mtu anachukua muda, fundi. Injini inafika kabla yake."

"Siku mbili tu, mzee wangu. Siku mbili! Au mnataka inoki tena nirudi Nyahanga na chuma chakavu?"

"Haya, fundi," akasema, akairudisha kofia kichwani. Kwetu Usukumani mtu mzima akisema "haya" kwa sauti ile, hajakubali, amekuheshimu tu. Nilijua hivyo, mimi ni mtoto wa hapahapa. Nilichagua kuichukua kama ndiyo.

Shemeji akaona hali imekuwa nzito kidogo, akaipigapiga injini tangini. "Mwacheni fundi amlee mwanawe," akasema. "Akilia tutajua kashiba au hajashiba." Wakacheka wote, hata mzee. Wakashuka.

Siku ile ilikwenda vizuri sana, na hili ndilo linaloniuma. Nilikaa juu ya debe karibu na mkono wa mafuta, napandisha, nashusha, nasikiliza. Nikizima, nafungua kifuniko nachovya kidole kwenye oili. Ilikuwa na chembe za chuma zinazometameta, kama inavyotakiwa siku ya kwanza, na mtu wa winchi akaniuliza kama nami nimepata dhahabu. Mara mbili za kwanza nilipozima, shemeji na mwenzake walipanda juu kwa mazoea, wamelowa matope, macho yanauliza. Niliwafokea. Niliwaambia kama watapanda na kushuka kila ninapozima basi kazi hii tutaimaliza Krismasi. Mara ya tatu nilipozima, hawakupanda. Nilifurahi. Nilisema moyoni, sasa wameelewa.

Siku ya pili, saa nane hivi mchana, zilibaki kama saa mbili za kulea. Injini ilikuwa imebadilika sauti. Ule ukwaruzo wa mwanzo ulikuwa umeondoka, moshi umekuwa mwepesi, na nilikuwa natabasamu peke yangu juu ya debe. Mzee alikuwa amezunguka nyuma kuangalia mpira wa kutolea maji. Huko nyuma, hatua kama thelathini, kulikuwa na duara lililoachwa, limejaa maji ya mvua karibu na mdomo. Kila mtu alilijua. Walikuwa wakiamini mwamba uliopo katikati ni mnene.

Nilimwona anarudi mbio. Sikuwahi kumwona mzee yule akikimbia. Alifika, akanyoosha mkono akashika mkono wa mafuta, akaupandisha mpaka mwisho, akaushusha, akaupandisha.

Nikampiga mkononi. Nilimpiga mzee wa makamo ya baba yangu, kwa nguvu, kwenye kifundo cha mkono.

"Unafanya nini wewe! Unaiua!"

"Maji!" akasema, pumzi imemkata. "Yale maji ya duara bovu yanashuka. Yanashuka, fundi, kama yanavyoshuka bafuni."

Maji yakishuka kule, yanakwenda mahali, na pa kwenda palikuwa duara letu tu. Nikaushika mkono wa mafuta mimi mwenyewe. Resi tatu. Nikatulia, nikaangalia mdomo wa duara. Hakuna mtu. Resi tatu tena. Mzee alikuwa amelala kifudifudi mdomoni pa duara anaita majina yao. Resi tatu. Sijui nilitia ngapi. Injini yangu ilikuwa inaitikia vizuri, inapanda bila kukohoa, inashuka bila kutetemeka, na kule chini watu wawili walikuwa wanaisikia na kuendelea kupiga mwamba.

Nikazima. Niliwaza kwamba kimya kitawashtua. Kisha nikakumbuka kwamba hata kimya nilikuwa nimekiharibu.

Mtu wa winchi alikuwa ameshashuka. Alijifunga kamba kiunoni na kukanyaga miti ile miwili miwili, akafika chini. Alituambia kwa kunong'ona tulipomvuta juu, kabla hajapelekwa hospitali, kwamba maji yalikuwa bado kwenye vifundo vya miguu, yametulia. Alikimbia hadi kwenye kona. Hapo aliwasikia, maana akishafika mtu hapo sauti zinasikika. Alimsikia shemeji anacheka, anamwambia mwenzake, "Mtoto wa fundi analia leo, hajashiba." Akafumbua mdomo kuwaita. Ukuta ukaachia. Maji yalimbeba yeye kinyumenyume hadi kwenye duara, yakambamiza, na tukamvuta kwa kamba akiwa amevunjika mbavu. Wale wawili walikuwa upande wa pili wa kona.

Tulivuta maji siku mbili na nusu. Watu walikuja kutoka maduara ya jirani na ndoo na mipira, lakini pampu kubwa ilikuwa ile ile moja. Niliifungulia yote. Ile injini ambayo nilimpiga mtu mzima kwa ajili yake niliibebesha mzigo wake wote bila kuipumzisha, mafuta yakiongezwa inapokwenda, na nilikuwa naiombea ife. Ningepata angalau kitu cha kuchukia. Haikufa. Ringi zilikuwa zimekaa barabara. Iliyanyonya maji mpaka mpira ukaanza kuvuta upepo, ndipo wanaume wakashuka. Nilimtambua shemeji kwa mshipi wa suruali, niliompa mimi. Nyundo ilikuwa bado mkononi mwa mwenzake.

Msiba wa shemeji uliwekwa kwake, nje kidogo ya mji. Watu walijaa, na watu wakijaa maneno hayakosi. Ikasemwa mwendesha pampu alisinzia. Ikasemwa alikuwa anachezea simu. Mwingine akaapa kwamba pampu ilizima na mzee akaogopa kusema. Mzee alikuja kuzika kama wengine, akakaa peke yake nje ya ua, kwenye jiwe, kofia mkononi. Hakuna aliyemsogelea. Vijana wa ukoo walipomfuata kumuuliza kwa ubaya kama alitia resi, alijibu, "Nilitia." Wakamuuliza mbona basi hawakutoka. Akasema hajui. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, karibu kiasi cha kuona alama ya bluu kwenye kifundo chake. Hakunitaja. Mtu wa winchi alikuwa amelazwa hospitali, hali imemzidi, hawezi tena hata kuvuta pumzi ya kuongea. Nilikuwa peke yangu na lile neno mdomoni, nikalimeza. Siku ya kwanza nililimeza, ya pili nikalimeza. Niliogopa. Sina neno zuri zaidi la kuliweka hapo.

Siku ya tatu, kabla chakula hakijagawiwa, mdogo wangu aliniita ndani. Alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake, kajifunga kanga kichwani, macho yamekauka. Mke wa mchimbaji naye anaijua sheria ya injini, hata kama hajawahi kukanyaga shimoni. Aliwaomba wanawake watupishe kidogo.

"Kaka, injini ililia?"

"Ililia."

"Mara tatu?"

"Mara tatu. Zaidi ya tatu."

"Nani alitia resi?"

"Yule mzee. Na mimi."

"Baba wa watoto hakuwa kiziwi," akasema. "Kwa nini hakutoka?"

Ningeweza kusema hata hapo kwamba sijui. Nilimwambia yote. Nilimwambia kulea ni nini, na nilivyowasimamisha asubuhi ile, na mzee alivyovua kofia kuniuliza, na nilivyomjibu. Nilimwambia nilivyowafokea walipopanda. Nilimwambia nilivyompiga mzee mkononi. La mtoto wa fundi hajashiba nililiacha, halafu nikaona naficha tena, nikamwambia na hilo. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka alinijulia wapi.

Kisha akasimama. Wafiwa hawasimami kugawa chakula, hasa mjane, hukaa wakaletewa. Yeye alitoka hadi jikoni kwenye masufuria, akachukua sahani mikononi mwa shangazi yetu aliyebaki mdomo wazi, akapakua ugali, akaweka nyama, akachukua jagi la maji na beseni. Akapita katikati ya wanaume wote, mimi nikiwa nimefuata nyuma hadi mlangoni. Akatoka nje ya ua mpaka kwenye lile jiwe, akapiga magoti chini, akammiminia mzee maji ya kunawa.

Mzee alianza kulia. Maji yakamwagika kwenye suruali. Mdogo wangu alingoja amalize kunawa, akamwekea chakula mbele yake, akamwambia kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Karibu baba. Ulimwita, hakukosa kukusikia." Vijana waliokuwa wakimsema wakaangalia chini. Baada ya muda, mmoja wao akaenda akakaa karibu na mzee, kisha mwingine.

Alipokuwa anarudi ndani alinipita mlangoni. Nilisogea kumpisha.

Tangu utotoni mwetu mdogo wangu alikuwa akinisalimia kwa kupiga goti, kama wasichana wa kwetu wanavyowaamkia kaka zao, na hata alipoolewa na kuzaa hakuacha. Siku hizi nikienda kwake naletewa kiti. Ananiuliza habari za Nyahanga na za wanangu, ananishukuru kwa sukari niliyobeba. Anasimama wima wakati wote, na chakula changu anamtuma mtoto alete.